Wajuzi wa Kiklingoni, nimekwama kwenye kirai nomino

Mpiga_Domo_Mwenge:
Habari za jioni wakuu. Niko Dar, huku Mwenge, najifunza Kiklingoni, ile lugha aliyoiunda Marc Okrand kwa ajili ya filamu za Star Trek. Natumia kamusi yake, iliyotoka mara ya kwanza 1985. (Kabla hamjauliza itanisaidia nini: hainisaidii kitu, naipenda tu.)

Matamshi yamekubali, hata tofauti ya q na Q naisikia. Kinachonitoa jasho ni kirai nomino. Nataka kusema "kwenye vyombo vikubwa vya rafiki yangu", maana yake vyombo vya angani. Maneno ninayo: jup ni rafiki, Duj ni chombo, tIn ni kuwa kubwa. Kuyapanga ndiyo shughuli. Mliotangulia, nikomae kwanza na viambishi au na mpangilio?

Mjukuu wa Pwani:
Mpangilio kwanza, mkuu. Sahau "cha, vya, ya", kule hakuna. Mwenye mali anatangulia, mali inafuata, kwisha: jupwI' Duj, chombo cha rafiki yangu. Ukigeuza, rafiki ndiye anakuwa wa chombo. Sifa hukaa nyuma ya nomino kama kwetu, Duj tIn, ingawa hiyo tIn yenyewe ni kitenzi. Idadi hutangulia: cha' Duj, vyombo viwili. Ukiipeleka nyuma, Duj cha', umesema chombo namba mbili.

Konda Mstaafu:
Wenzenu tunahangaika na ada za watoto, ninyi mnahangaika na meli za angani. Haya endeleeni, nasoma.

Bi Kiambishi:
Mjukuu kasema kweli, ila mdogo wangu usiviweke viambishi kiporo. Vya nomino viko makundi matano na foleni yake hairukwi: ukubwa au udogo, wingi, msemaji ana uhakika kiasi gani, umiliki (na "hiki", "kile" humo humo), mwisho kazi ya nomino katika sentensi.

Kwenye wingi ndipo Mswahili anapoteleza. -pu' ni ya wenye uwezo wa kusema, -Du' ya viungo vya mwili, -mey ya vingine vyote. Sisi tumezoea A-WA: mwalimu anakuja, ng'ombe anakuja. Kule ng'ombe hasemi, kwa hiyo anapewa -mey pamoja na mawe. Umiliki nao hivyo hivyo: "yangu" kwa asiyesema ni -wIj, kwa anayesema ni -wI'. Ukitamka jupwIj sarufi haijavunjika, ila umemshusha rafiki yako hadi daraja la kiti.

Sasa swali lako. -Daq ndiyo "kwenye", na iko kundi la tano. Pasipo sifa inakaa kwenye nomino: DujDaq. Sifa ikiingia, -Daq inahamia kwenye sifa, na wingi unabaki ulipokuwa. Unapata jupwI' Dujmey tInDaq. Hebu jaribu kusema "nyumbani kubwa" uone ulimi unavyogoma. Sisi tunakimbilia "katika nyumba kubwa", wao wanahamisha kiambishi.

Mpiga_Domo_Mwenge:
Asante dada, hapo kwenye -Daq ndipo nilipokuwa nazunguka. Swali jingine: sahani ni jengva', wingi naona ngop. Hiyo -mey imekwenda wapi?

Bi Kiambishi:
Baadhi ya nomino zina neno lake la wingi. Kariri tu, hakuna njia ya mkato. Tena kitenzi huichukulia ngop kama umoja, kwa hiyo usiipatanishe na wingi. jengva'mey nayo ipo, ila hizo ni sahani zilizozagaa huku na huko.

Mjukuu wa Pwani:
Hiyo jengva'mey inafaa geto la wanachuo.

Konda Mstaafu:
Na abiria je? Wingi wao?

Bi Kiambishi:
Abiria ni raQpo'. Wanasema, kwa hiyo raQpo'pu'.

Konda Mstaafu:
Wanasema! Ungepanda daladala ya Gongo la Mboto saa moja asubuhi ungewapa -pu' mbili.