Tangi la mbolea au venchuri kwa dripu ya simtanki? Naombeni ushauri kabla sijalipa

Nyanya_za_Ilula (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nina nusu eka ya nyanya huku Ilula, nimeigawa vitalu viwili vya robo eka. Maji nayapandisha kwa pampu ya sola kutoka kisimani hadi kwenye simtanki la lita 5,000 lililokaa juu ya mnara wa mita tatu, halafu yanashuka yenyewe kwenye dripu. Mipira ni ile ya kawaida, tundu kila baada ya sentimita 30.

Msimu uliopita nilikuwa nazunguka na kopo, mbolea shina kwa shina. Mgongo ukagoma. Msimu huu nikajifanya mjanja: mbolea za DAP kilo nne na CAN kilo sita nikazimwaga ndani ya simtanki, nikakoroga na mti, nikafungulia. Wiki ya kwanza nikawa natamba kwa majirani. Wiki ya tatu miche ya mwisho wa mistari ikaanza kunyong'onyea. Nimekata mpira mmoja nikakuta uji mweupe kama chokaa, tundu zimeziba kabisa. Simtanki lenyewe ndani limeota ukijani.

Nimekwenda dukani mjini, muuzaji kanionyesha vitu viwili. Cha kwanza ni tangi la mbolea la lita 60, lina mipira miwili, mmoja wa kuingiza maji na mmoja wa kutoa. Anasema natia mbolea ikiwa punje vilevile, nafunga kifuniko, maji yakipita yanaiyeyusha na kuibeba hadi shambani. Laki mbili na themanini. Cha pili ni venchuri, kidude cha plastiki kilichobana katikati kama kiuno cha nyigu, elfu arobaini. Yeye anasifia tangi, ila na mimi najua muuzaji husifia cha bei kubwa. Nichukue kipi?

Shamba_Darasa

Chukua tangi mkuu, usijiulize mara mbili. Mimi ninalo mwaka wa pili huu, linafanya kazi vizuri tu.

Nyanya_za_Ilula

Shukrani kaka. Wewe unatumia simtanki au pampu?

Shamba_Darasa

Pampu ya petroli, maji natoa mtoni moja kwa moja hadi shambani.

Fundi_Mabomba

Basi hamko sawa nyinyi wawili, na ushauri wake usiufuate kabla hujasoma huu wangu.

Kwanza uelewe lile tangi linavyofanya kazi. Kwenye bomba kubwa la kwenda shambani unafunga koki katikati. Mpira wa kuingiza unatoboa kabla ya koki, wa kutoa unatoboa baada ya koki. Ukiibana koki kidogo, presha ya nyuma yake inakuwa kubwa kuliko ya mbele, kwa hiyo sehemu ya maji inaona bora izungukie kwenye tangi. Huko inapita kwenye mbolea, inaiyeyusha, inarudi bombani mbele ya koki. Hakuna umeme wala mota. Kinachofanya kazi yote ni ile tofauti ya presha uliyoitengeneza kwa kubana koki.

Sasa presha yako ni kiasi gani? Mita 10 za urefu wa maji ndiyo presha ya bar 1. Mnara wako mita tatu, simtanki likijaa ongeza kama mita mbili, jumla mita tano, yaani bar 0.5. Likikaribia kuisha umebaki na bar 0.3. Ili tangi lizungushe maji vizuri itabidi uliachie mita moja hadi mbili pale kwenye koki. Hicho kinachobaki ndicho kinachokwenda kulisha mistari yako, na wewe tayari mistari ya mwisho inalalamika. Mwenzako mwenye pampu hiyo mita moja haioni hata ikipotea.

Venchuri ndiyo usiiguse kabisa kwa mnara wa mita tatu. Inataka ile sehemu ya kubana ipoteze presha nyingi, mara nyingi robo au theluthi ya inayoingia, ndipo ifyonze. Kwako utafungua, utasubiri, mpira wa kufyonza utakuwa unakuangalia tu.

Mwalimu_wa_Fizikia

Fundi kasema vyema. Niongeze moja, kwa sababu naona watu wanavichanganya hivi vitu viwili: venchuri haiyeyushi chochote. Maji yakipita penye wembamba yanakwenda mbio, presha yake inashuka, ndipo mbolea ya maji iliyo kwenye ndoo inavutwa kuingia. Mtaliano Giovanni Battista Venturi alichapisha majaribio yake ya jambo hili mwaka 1797. Lakini ile mbolea kwenye ndoo lazima uwe umeshaiyeyusha na kuichuja kwa mkono wako. Ukiweka punje, inafyonza punje, na hicho kitundu chembamba ndicho kinaziba cha kwanza. Kinachoyeyusha kitu kigumu ndani ya maji yanayotiririka, katika hivyo viwili ulivyoonyeshwa, ni tangi peke yake.

MamaHoho

Mdogo wangu, mimi nilinunua hilo tangi nikaungua nalo, acha nikusimulie.

Nina vitalu vitatu vya pilipili hoho, natumia pampu. Nikajaza mbolea kwenye tangi, nikafungulia kitalu cha kwanza nusu saa, nikahamia cha pili nusu saa, kisha cha tatu. Nikaona nimetenda haki. Baada ya wiki mbili kitalu cha kwanza majani yameungua pembeni, cha pili kiko sawa, cha tatu kimekuwa njano. Mume wangu akasema nimerogwa.

Kumbe tangi halitoi mbolea sawasawa. Punje zikiwa bado zipo chini, maji yanatoka makali vilevile, ila zikiisha kuyeyuka ukali unashuka haraka. Alinifundisha bwana shamba wetu: mbolea ikishakuwa maji, lita 60 za kwanza zikipita kwenye tangi la lita 60 zinakuwa zimeondoka na zaidi ya nusu ya mbolea. Zikipita mara ya pili inabaki kama sehemu moja kwa saba. Mpaka mara nne ndipo unaweza kusema tangi limekwisha. Kama mpira unapitisha lita tano kwa dakika, lita 240 ni dakika 48. Kwa hiyo siku hizi napima mbolea ya kitalu kimoja, naimaliza hapohapo, nafungua kifuniko, napima ya kitalu kingine. Usithubutu kuhamisha koki katikati.

Mkemia_Mstaafu

Nyote mnazungumzia kifaa, na mwenzenu ameziba kwa sababu ya alichokitia. Hata angekuwa na tangi la dhahabu, DAP na CAN pamoja zingemzibia.

CAN ni amonia naitreti iliyochanganywa na unga wa chokaa au dolomaiti. Hiyo chokaa haiyeyuki majini, imewekwa kwa ajili ya udongo. Kwa hiyo robo hivi ya kila mfuko unaoumwaga ni vumbi la mawe linalokwenda kukaa kwenye tundu za dripu. DAP nayo imebeba fosfeti. Fosfeti ikikutana na kalsiamu ndani ya maji zinashikana, zinakuwa unga mweupe usioyeyuka tena. Huo ndio uji wako. Na kama maji yako ya kisima yanaacha ukoko mweupe kwenye sufuria ya chai, kalsiamu ipo tayari hata kabla hujaongeza CAN.

DAP iache shimoni wakati wa kupanda. CAN iweke kwa mkono, uifukie. Kwenye dripu tumia zile zinazoyeyuka zote: urea, potasiamu naitreti, MAP (monoamonia fosfeti), kalsiamu naitreti. Hiyo ya mwisho ina siku yake peke yake, isikutane na MAP wala na salfeti yoyote kwenye chombo kimoja.

Huna haja ya maabara. Chukua chupa ya maji ya kunywa isiyo na rangi, weka maji ya kisima chako hicho, weka mbolea kwa kipimo unachotaka kutumia, tikisa, acha saa mbili. Yakibaki maangavu, endelea. Yakiwa kama maziwa au yakiacha tope chini, usiyapeleke shambani.

KijanaWaLoitokitok

Niko upande wa Kenya, huku pia ni nyanya tu. Daktari wa mbolea hapo juu amesema ukweli. Naongeza hii: potasiamu naitreti na urea zikiyeyuka huchukua joto kutoka kwa maji, ndoo inakuwa baridi hadi inatoa jasho kwa nje. Maji yakipoa, potasiamu naitreti inakataa kuyeyuka. Katika maji ya nyuzi 20 ni kama gramu 300 kwa lita, zaidi ya hapo unakoroga bure. Asubuhi ya Julai ni mbaya zaidi. Mimi huacha ndoo za maji juani hadi saa nane, ndio naanza kukoroga.

Bwana_Mistari

Hiyo mipira iliyoziba pitisha asidi ya betri, itafunguka siku hiyohiyo. Nimefanya.

Mkemia_Mstaafu

Usifanye hivyo, na wewe Bwana Mistari acha. Asidi ya betri ni salfuriki. Ikikutana na hiyo kalsiamu inatengeneza jasi, ambayo nayo haiyeyuki kwa urahisi, yaani unaziba upya. Tena inachoma macho na ngozi. Nunua ndimu ya unga, ile nyeupe inayouzwa madukani. Vua mipira miwili mitatu iliyo mibaya zaidi, iloweke usiku mzima kwenye pipa la maji yenye hiyo ndimu, kisha fungua mwisho wa mpira na uisukume kwa maji mengi. Ikifunguka, fanya na mingine. Isipofunguka, hesabu hasara ubadilishe. Unga uingie kwenye maji, maji yasimwagwe kwenye unga, na vaa glavu.

Fundi_Mabomba

Narudi kwa mwenye uzi, maana bado hajaambiwa afanye nini.

Una simtanki lingine dogo? Hata kuukuu la lita 1,000? Lipandishe mnara huohuo, litoboe kwenye bomba lilelile la kushuka, kila moja na koki yake. Robo eka yako kama mistari imeachana mita moja ina mita 1,000 za mpira, tundu 3,300 na kitu. Kwa presha yako kila tundu linatoa kama lita moja kwa saa, kwa hiyo kitalu kinakunywa lita 3,300 kwa saa. Lita 1,000 za mbolea zitaisha kwa dakika 18 hivi.

Fungulia kwanza maji matupu ya simtanki kubwa mpaka mistari yote ijae. Funga, fungulia la mbolea mpaka liishe. Funga, rudisha maji matupu kwa dakika 20. Hiyo ya mwisho usiiruke: ndani ya mipira peke yake mna karibu lita 200 za mbolea zimekaa, na zikibaki humo jua linazikausha kwenye tundu. Koki mbili zisiwe wazi pamoja, maana maji ya simtanki kubwa yatapanda kwenye dogo.

Kipimo cha kuanzia kilo moja kwa lita 1,000, mara kwa mara, kuliko kilo kumi siku moja. Yeyusha ndooni, chuja kwa kitambaa, mimina. Filta iwe baada ya koki zote mbili. Kila siku ya mbolea ifungue uioshe.

Hakuna cha laki mbili hapo.

Shamba_Darasa

Nimekubali, fundi. Ila mimi wa pampu nibaki na tangi langu?

Fundi_Mabomba

Baki nalo. Lakini umefunga vali ya kuzuia maji kurudi nyuma kati ya pampu na tangi? Pampu ikizima ghafla, maji yenye mbolea yanaweza kunyonywa kurudi mtoni au kisimani. Naitreti kwenye maji ya kunywa ni hatari hasa kwa watoto wachanga. Kuna watu pia wanafunga venchuri kwenye bomba la kupandishia simtanki kwa sababu huko kuna presha. Kwa mwenye kisima kinachochotwa na jirani, hilo nalikataa.

Shamba_Darasa

Sijafunga. Kesho naifuata.

Nyanya_za_Ilula

Wakuu, nimerudi baada ya siku nne. Nilifanya jaribio la chupa. Ya DAP na CAN imeweka tope la vidole viwili, mke wangu akadhani ni togwa. Ya urea peke yake imekaa kama maji. Ya MAP na maji yangu ya kisima imeingia ukungu kidogo, si sana, ila nimeiona.

Lita 1,000 ninalo, lilikuwa la maji ya ng'ombe, nimelisugua. Fundi wa hapa kijijini anapandisha Jumamosi. Simtanki kubwa nimelifua, nimelifunika; kumbe nilikuwa naacha mdomo wazi, jua linaingia na mbolea imo, ndiyo maana ukijani. Mipira kumi na moja nimeiloweka kwenye ndimu, minane imefunguka.

Mkemia, huo ukungu wa MAP nifanyeje?

Mkemia_Mstaafu

Punguza kipimo nusu, jaribu tena kwenye chupa. Ukungu ukiendelea, fosfeti yote iwe ya shimoni wakati wa kupanda, kwenye dripu ubaki na urea na potasiamu naitreti. Na hao ng'ombe sasa wanakunywa wapi?

Nyanya_za_Ilula

Kwenye pipa. Wamenuna.