Boksi la Android la elfu 55 au Xiaomi TV Stick? Na kishikwambi gani cha watoto?

Mwambao32

Habari wakuu. Nina TV ya inchi 32 isiyo smart, ina matundu mawili ya HDMI na moja la USB. Nataka ifungue YouTube na Netflix. Dukani kuna boksi limeandikwa MXQ Pro 4K 5G, RAM 8GB, hifadhi 128GB, elfu 55. Pembeni yake ipo Xiaomi TV Stick 4K, kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye HDMI, RAM 2GB na hifadhi 8GB, bei zaidi ya mara mbili. Kwa namba zilizoandikwa boksi linashinda kwa mbali, ndiyo maana nauliza kabla sijatoa hela.

Pili, kishikwambi cha watoto wawili, wa darasa la tatu na la tano. Kipo cha inchi 10 kisicho na jina, "RAM 12GB, hifadhi 512GB", laki na thelathini, na ipo Samsung Galaxy Tab A9 ya 4GB/64GB. Au ninunue kishikwambi tu, nikiunganishe na TV kwa waya wa HDMI, niachane na stiki? Intaneti yangu ni hotspoti ya simu, kwa bando.

fundi_rimoti

Mkuu, boksi hilo liache hapo hapo. Jina la MXQ Pro halina mwenyewe, viwanda vingi vinalibandika kwenye chochote. Ukilifungua, mara nyingi unakuta RAM 1GB na hifadhi 8GB, na mfumo umechezewa ili kwenye mipangilio usome namba zile zile za kwenye katoni. Hiyo "5G" ni Wi-Fi ya 5GHz, haina uhusiano na 5G ya laini ya simu.

Kubwa zaidi ni usalama. Januari 2023 boksi la T95, la ukoo huo huo, lilikutwa na programu hasidi imepandikizwa ndani ya mfumo tangu linatoka kiwandani. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vilivyoambukizwa programu kama hiyo, na mwezi uliofuata Google ikafungua kesi ikisema vifaa vilivyoambukizwa vinazidi milioni 10. Kazi ya programu hiyo ni kubofya matangazo kwa siri na kukodisha intaneti yako kwa watu usiowajua, wapitishie mambo yao. Wewe wa bando unaliwa GB bila kutazama chochote. Na kurudisha mipangilio ya kiwandani hakusaidii, kwa sababu ugonjwa umo kwenye mfumo wenyewe. Ukiona kifaa kinakuomba uzime Play Protect (kinga ya Google dhidi ya programu hasidi), au muuzaji anajisifu kwamba chaneli za kulipia zote zinafunguka bure, ondoka.

Halafu maboksi hayo yanatumia Android ya simu, si Android TV. Rimoti haifiki kila kitufe, inabidi uchomeke mausi. Netflix ama haikubali kuingia, ama inaingia ikiwa na picha ya ubora wa chini, kwa sababu kifaa hakina kibali cha Widevine L1, ulinzi wa hakimiliki ambao Netflix inautaka ili itoe picha ya HD. Maandishi ya 4K ubavuni hayabadilishi hilo.

Chukua stiki, lakini si kwa ajili ya 4K. TV nyingi za inchi 32 ni 1366×768, hiyo 4K hutaiona. Unalipia RAM ya 2GB ya kweli, na chipu inayofungua AV1, mfumo wa kubana video unaotumia data kidogo kwa picha ile ile. Mi TV Stick ya 2020, ile ndogo ya bei nafuu zaidi, ina RAM 1GB na AV1 haifungui. Inafanya kazi, ila kuhama kutoka YouTube kwenda Netflix unasubiri.

Ukishainunua, usiilishe umeme kutoka tundu la USB la TV. Inataka 5V na 1A, wakati tundu la USB 2.0 limewekewa kiwango cha 0.5A. Dalili yake ni hii: nembo inatokea, kioo kinakuwa cheusi, nembo inatokea tena, au inawaka vizuri kisha inazima katikati ya video pale Wi-Fi inapovuta umeme mwingi. Watu wengi wanarudisha stiki dukani kwa tatizo hilo tu. Tumia chaja ya ukutani na waya ulio kwenye katoni. Waya mrefu mwembamba wa mtaani unapoteza volti njiani na dalili zinarudi zile zile. Kile kipande kifupi cha HDMI cha kurefushia nacho kitumie, kinaitoa stiki nyuma ya TV na Wi-Fi inashika vizuri zaidi.

Bi_Kishikwambi

Nijibu la kishikwambi. Waya wa HDMI sahau. Ili USB-C itoe picha lazima kifaa kiwe na DisplayPort Alt Mode, na Tab A9 haina. Redmi Pad SE nayo haina. Ukinunua ile adapta ya USB-C kwenda HDMI, TV itaendelea kuandika hakuna mawimbi, na adapta haina kosa lolote. Kwa Samsung huduma hiyo utaipata kwenye ukoo wa Tab S, mfano Tab S9, na bei zake ni habari nyingine kabisa.

Njia ya kuakisi kioo bila waya ipo, lakini Netflix inatoa sauti huku picha ikiwa nyeusi kwa sababu ya ulinzi wa hakimiliki. Kwa hiyo stiki unaihitaji tu.

Hicho cha 12GB/512GB usikinunue kabla ya kukipima pale pale kaunta. Weka CPU-Z, programu ya kusoma vilivyomo ndani ya kifaa, uangalie jina la chipu. Ikisoma SC7731E au MT6580, hizo ni chipu za biti 32 za simu za bei ya chini kabisa, haziendeshi RAM ya 12GB hata kwa dawa. Hifadhi usiiamini kwa kusoma, ijaze: chukua faili la video la GB 4 kwenye flashi ya OTG (inayochomekwa moja kwa moja kwenye kishikwambi), linakili mara kumi na mbili hivi, kisha fungua nakala ya kwanza na ya mwisho uzisogeze hadi katikati. Hifadhi ya uongo inapokea kila kitu bila kulalamika, halafu nakala za mwisho hazifunguki au zimefuta za mwanzo. Muuzaji asiyekuruhusu kupima amekwisha kujibu.

Tab A9 ina kioo cha inchi 8.7, chipu ya Helio G99, betri ya 5100mAh, na tundu la memori kadi. GB 64 si zote zako, mfumo unakula sehemu nzuri, kwa hiyo weka memori kadi ya 64 au 128 na kwenye Netflix uelekeze video zinazopakuliwa ziende huko. Inachaji kwa 15W. Uliza kama kwenye katoni kuna chaja, kwa sababu mara nyingi unakuta waya peke yake. Ukichukua yenye laini, bonyeza *#06# upate IMEI (namba ya utambulisho wa kifaa), itume kwenda 15090 (ni huduma ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), na linganisha jina la kifaa kwenye jibu na ulichoshika mkononi. Ya Wi-Fi peke yake haina IMEI, usishangae.

Kwa watoto, fungua akaunti ya mtoto ya Family Link (huduma ya Google ya mzazi kusimamia kifaa cha mtoto) wakati wa kuwasha mara ya kwanza, usianze na akaunti yako ukidhani utabadilisha baadaye. Akaunti ya mzazi ikishaingia kwenye kifaa, mtoto ana mlango wa kupitia.

gb_moja

Naongezea la bando, maana hapo ndipo pesa itakapotoka kila siku. Netflix, kwa viwango vyake yenyewe, inakula GB 0.3 kwa saa ukiweka chini, 0.7 ukiweka kati, na hadi 3 kwa HD. Kwenye TV huwezi kubadilisha. Ingia akaunti yako kwa kivinjari cha simu, fungua wasifu unaotumika, nenda mipangilio ya uchezaji, chagua kati. Mabadiliko yanaweza kuchukua saa nane kushika. Kwa inchi 32 kiwango cha kati kinatosha. Usinunue mpango wao wa simu, huo hauchezi kwenye TV kabisa.

Kwa programu nyingine hesabu hivi: kila 1Mbps ni MB 450 kwa saa. YouTube unachagua ubora kwenye alama ya gia video ikiwa inacheza.

Siku ya kwanza tafuta Wi-Fi ya mtu, stiki ikishawaka inavuta masasisho mengi. Kisha zima kusasisha programu kiotomatiki ndani ya Play Store. Na hili watu hawalijui: ukizima TV kwa rimoti ya TV, stiki iliyo kwenye chaja ya ukutani inaweza kuendelea kucheza. YouTube inaruka video moja hadi nyingine kwa saa kadhaa, kioo cheusi, bando linaisha. Washa HDMI-CEC kwenye TV, inayofanya TV na stiki vizimike pamoja (kwa Samsung inaitwa Anynet+, kwa LG ni Simplink), au zima stiki kwa rimoti yake kwanza.

Mwambao32

Shukrani sana wakuu, boksi nimeliacha. Swali dogo: TV ya wazazi haina HDMI, ina matundu ya njano, nyeupe na nyekundu tu. Stiki hii itafaa huko?

fundi_rimoti

Itafaa kwa kigeuzi. Angalia maandishi juu yake: yasomeke HDMI2AV. Kile cha AV2HDMI kinafanana nacho umbo, rangi na bei, lakini kinageuza kwa upande wa pili na hakitakusaidia. Nacho kinataka umeme wake wa USB.

Ubavuni kuna swichi ndogo ya PAL na NTSC, iweke PAL. Ikikaa NTSC kwenye TV ya zamani ya huku, picha inakuja bila rangi au inabingirika kwenda juu. Kama YouTube inaonyesha vizuri na Netflix ni nyeusi, kigeuzi hakijapatana na HDCP, ulinzi wa hakimiliki unaopita kwenye HDMI, jaribu cha aina nyingine kabla hujailaumu stiki. TV ikiwa na tundu moja tu la sauti, chomeka njano na nyeupe, nyekundu iache ining'inie.