Kakijito ka Walungu kanaweza kutoa umeme wa kusaga mihogo?

mwana_walungu:
Jambo bandugu. Mimi niko hapa Bukavu, Kadutu, lakini swali ni juu ya nyumbani Walungu. Nyuma ya shamba ya baba mudogo kuko kakijito kanashuka mulima, hakakauki hata mwezi wa saba. Sasa kuko mutu hapa mujini anauzisha dinamo na turbini yake, anasema ni kilowati 5, itatosha taa, frigo na mashini ya kusagia mihogo, na mi nishaanza kukusanya feza. Baba mudogo yeye anakataa, eti bila baraji, ule ukuta mukubwa wa kuziba maji, kama ya muto Ruzizi hakuna umeme, na baraji nani atajenga? Nimusikilize nani?

fundi_wa_mulima:
Huyo wa dinamo alipanda kuona maji? Kama hakupanda, hizo kilowati 5 alizitoa wapi? Dinamo haizali umeme, inageuza tu nguvu ile maji inakuja nayo. Chukua litre za kila segonde, zidisha na mita maji inazoanguka, zidisha na 9.81, hizo ni wati, kisha kata nusu, sababu tiyo (bomba ya maji), turbini na dinamo kila moja inakula yake.

Ziba kijito na mawe na matope, maji yote ipite kwa kipande ya tiyo iingie kwa bidoni ya litre 20, uhesabu segonde kwa simu. Rudia mara tano, ya kwanza huwa inamwagika. Urefu usikadirie kwa macho, mulima unadanganya: azima ule mupira wa maji bamasoni wanapimia niveau, mushuke watu wawili, hatua kwa hatua. Na pima sasa wakati wa kiangazi, usingoje mvua ikupe moyo bure.

wa_goma:
Baba mudogo asiogope mambo ya baraji. Huku kwetu Rutshuru kuko Matebe, megawati 13.8 tangu mwisho wa 2015, na hawakufanya ziwa pale: maji inachepushwa kwa mufereji, inashuka kwa tiyo, inazungusha turbini, inarudi mutoni. Yako itakuwa hivyo hivyo, ya kitoto. Ila weka chujio na kasanduku ka kutuliza muchanga, la sivyo kila asubuhi ni kutoa majani ya migomba. Halafu ongea kwanza na bamama wanaoteka maji pale chini!!

mutu_wa_lushi:
Muko na bahati banakivu. Huku kwetu baraji ya Mwadingusha iko inatoa umeme ku muto Lufira tangu 1930 na mi minaandika hii simu iko na 6%, sababu ya delestaji, banakata umeme kwa zamu. Mwenye iko na kijito yake asicheleweshe.

mwana_walungu:
Nimetoka Walungu jana. Bidoni inajaa kwa segonde 11, tumerudia tano. Urefu ni mita 18, tulipima na mupira, mutoto wa baba mudogo akateleza akalowana mupaka kichwa. Basi 20 gawa 11 ni 1.8, mara 18, mara 9.81, napata kama wati 318, nusu 160. Ni sawa?

fundi_wa_mulima:
Ni sawa. 160 ni kidogo lakini hailali, usiku na muchana inafika karibu kilowati-saa 4 kwa siku. Hiyo ni taa za LED nyumba kadhaa, kuchaji simu za majirani, televizyo, na ukiweka betri hata frigo ndogo. Mashini ya kusagia sahau. Kufika kilowati 5 kwa mita 18 ungehitaji bidoni karibu tatu kila SEGONDE. Tafuta turbini ya Pelton, njo ya maji kidogo inayotoka juu, na usinunue tiyo nyembamba ukifikiri unaokoa feza, maji inachoka ndani.

mwana_walungu:
Aksanti papa. Nimemupigia yule wa dinamo, nikamuambia litre 1.8. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza niko na feza ngapi.