Tupeane uzoefu: kusasisha ramani na fimwea kwenye GPS ya mkononi

Mtembeanyika: Wakuu, juzi nimepoteza alama zaidi ya mia mbili nilizozikusanya kwa miaka sita. Nilisasisha fimwea, ile programu ya ndani inayoendesha kifaa. Ikamaliza bila tatizo, kifaa kikawaka, kufungua orodha ya alama: tupu. Chemchemi, vivuko, sehemu za kupiga hema, vyote vimekwenda na nakala sikuwa nayo. Roho inaniuma. Mliowahi kusasisha, yapi yaliwakuta?

Mpimaji: Pole sana mkuu. Mimi sigusi chochote kabla ya kukopi mafaili yote ya GPX, yale yanayohifadhi alama na njia, kwenye kompyuta, dakika mbili tu. Na betri weka mpya. Yangu iliwahi kuzimika katikati ya kazi, kifaa kikawa kinaganda kwenye nembo. Nilikifufua kwa maelekezo ya kitabu chake, ila siku nzima iliishia hapo.

Bundi: Mimi nilikuwa mvivu wa kusasisha hadi Aprili 2019. Setilaiti za GPS zilizoea kutuma namba ya wiki kwa biti 10 tu, yaani tarakimu kumi za 0 na 1, kwa hiyo hesabu ikifika wiki 1024 inarudi sifuri. Ilirudi usiku wa tarehe 6 Aprili mwaka ule, na kifaa changu cha zamani kikadai tuko Agosti 1999. Mahali nilipo kilionyesha sawasawa kabisa, ila kumbukumbu za safari zote zilibeba tarehe za ajabu, na saa za macheo na machweo hazikuaminika tena. Fimwea mpya ndiyo iliyonyoosha. Mzunguko mwingine utaisha Novemba 2038, wenye vifaa vya zamani mkae mkilijua hilo.

Kadi Ndogo: Kwenye ramani mimi natumia zilizotengenezwa kutokana na OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, ni za bure na vijia vya miguu vimo. Nilikwama siku tatu: faili linakopiwa, likikaribia mwisho linagoma. Nikadhani kadi ya kumbukumbu mbovu, nikabadilisha, yale yale. Kumbe kadi ikiwa na FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, haipokei faili moja linalofika GB 4. Nikapakua eneo dogo zaidi, kazi ikaisha. Halafu kebo jamani! Zingine ni za kuchajia tu, kompyuta haitakiona kifaa hata ufanyeje.

Mtembeanyika: Asanteni. Swali: tangu nisasishe kinachelewa sana kupata setilaiti. Kimeharibika?

Bundi: Hapana. Huenda almanaka, yaani ratiba ya setilaiti zote, imefutika. Kuipokea yote upya huchukua dakika 12 na nusu. Kiweke nje, mahali pa wazi, usikizime.

Mtembeanyika: Kimekamata! Na nimepekua kompyuta ya zamani, nimekuta faili la GPX la miaka minne nyuma, lina alama 131. Nimeshaliweka sehemu mbili tofauti. Zilizobaki nitazifuata kwa miguu, nikianza na zile chemchemi.