Hivi waliotengeneza muvi ya Eragon kile kitabu walikisoma kweli?? Nimeumia sana

Wakuu habari za usiku. Nina hasira tangu juzi na nisipozitoa hapa sijui nazitolea wapi, maana hapa kwangu Kirumba, Mwanza, aliyeelewa kilichotokea ni dogo tu na yeye kaumia kuliko mimi.

Iko hivi. Mpwa wangu kaja likizo kutoka Nansio, ana miaka 9. Umeme ulikuwa unakatika karibu kila jioni, sasa ili asikae gizani anaulizia kwao nikawa namsomea Eragon ya Christopher Paolini, riwaya ya kijana anayelea joka, kopi yangu ya mtumba niliyonunua Makoroboi, jalada halipo na kurasa za mwanzo zimeshaanza kuchomoka. Ni cha Kiingereza kwahiyo nasoma mstari kimoyomoyo halafu namwambia kwa Kiswahili, nikikwama natafuta njia, elfi nilimwambia ni kama majini wema wa msituni na akaelewa vizuri tu. Kurasa karibu 500, tochi ya simu, wiki tatu na ushee. Akisinzia namfunika, kesho yake yeye ndiye ananikumbusha tuliishia wapi.

Na alichopenda kuliko vyote wala sio vita. Alipenda yale malezi. Mliosoma mnajua, huyo kijana Eragon kaokota jiwe la bluu mlimani, nyumbani hakuna nyama ya kuvukia msimu wa baridi, analipeleka kwa muuza nyama ili abadilishane, hawaelewani, anarudi nalo, usiku linapasuka linatoka joka dogo. Sasa anamficha msituni, anamjengea kibanda juu ya mti, anamwibia chakula kwao, anahangaika kumtafutia jina, anataja majina weee joka halitaki hata moja, mpaka anagundua kumbe muda wote anataja ya kiume na huyu ni jike. Ndio anamuuliza, wewe ni Saphira? Akakubali. Hapo dogo alikaa kitako kitandani. Yeye kwao ana mbuzi aliyemlea kwa chupa baada ya mama yake kufa, kwahiyo anajua kulea ni nini, hakuna mtu wa kumdanganya hapo.

Tulivyomaliza nikamwambia ipo na muvi yake. KOSA LANGU HILO. Nikaenda kibandani nikawekewa kwenye flashi, ile ya 2006, umeme ukawepo, nikachukua na sato wa kukaanga, tukakaa.

Jamani. Saphira bado mdogo, anaruka kwenda juu, anaingia kwenye mawingu, mwanga unamulika mulika, anashuka ni joka zima mkubwa wa kupandwa!! Basi. Miezi yote ile imeishia kwenye wingu moja. Na jina anajitajia mwenyewe, hakuna cha kutafutiwa. Dogo akageuka akaniangalia, "Anko, mbona kakua hivyo? Nani kamlisha?" Nilikosa jibu na mpaka sasa ninavyoandika sina.

Nani kamlisha. Mtoto wa miaka 9 kaona kitu ambacho watu wazima wenye mamilioni ya dola hawakukiona, au walikiona wakasema hakina maana. Baadaye pale Eragon yuko tayari kufa kwa ajili ya Saphira wewe unayeangalia unatakiwa usikie uchungu, utausikia wapi wakati hukumuona akikua?

Halafu yanafuata mengine sasa. Arya ni elfi, kwenye muvi masikio yake ya kawaida kabisa kama yangu. Mfalme Galbatorix kitabu cha kwanza hatokei, unamsikia tu kwenye midomo ya watu na ndio maana unamuogopa, huku wamemkalisha kwenye kiti anaongea. Wale Ra'zac, viumbe wa mfalme waliomuua mjomba wake Eragon, wanauawa njiani mapema tu! Wakati kitabuni wanatoroka na kile kisasi ndio kinabeba vitabu vinavyofuata, sasa ukishawaua hiyo sehemu ya pili utaitengeneza na nini? Na kweli haikutengenezwa, muvi iliishia hiyo hiyo moja.

Najua kuna watu watakuja kusema kitabu kirefu muda hautoshi. Sikatai, lazima upunguze. Lakini muvi yenyewe haifiki hata masaa mawili, nani aliwafukuza? Lord of the Rings nayo walipunguza sana tu, kuna wahusika wazima wazima waliachwa, lakini walijua moyo wa hadithi uko wapi hawakuugusa, na ile ya tatu ikabeba Oscar 11. Percy Jackson je? Mtoto wa miaka 12 kitabuni, muvi ya 2010 wakamfanya kijana mkubwa, uoga wote wa utoto umepotea. Ni tabia hii.

Kinachonichoma zaidi Paolini alianza kuandika kile kitabu akiwa na miaka 15, familia yake ikakichapisha yenyewe 2002 kabla kampuni kubwa haijakichukua. Paolini akiwa kijana mdogo vile alikuwa na subira ya kumlea joka ukurasa kwa ukurasa, wakubwa wakashindwa hata dakika 10.

Na huku kwetu ukitaja Eragon mtu anakwambia aah ile muvi mbovu, mazungumzo yanaishia hapo. Kitabu kinabeba lawama ya watu wengine.

Dogo hakumaliza kuangalia, alienda kulala Saphira anapigana. Jana jioni kaniletea kitabu tuanze tena pale jiwe linapopasuka, na Jumamosi anapanda meli kurudi kwao. Kwahiyo kama kuna mtu Mwanza hapa ana Eldest, kile cha pili, hata kama kimechanika ili mradi kurasa zipo, aseme, nanunua kabla ya Jumamosi.