Yibbi Jansen hakurithi dhahabu kwa baba yake: malalamiko yangu kwa watangazaji wa michezo

Ndugu wanajamvi,

Nimevumilia vya kutosha. Jana jioni nilisikiliza kipindi cha michezo katika redio moja ambayo sitaitaja, na mtangazaji alipofika kwenye mpira wa magongo, yaani hoki, alimmaliza Yibbi Jansen wa Uholanzi kwa sentensi moja: ni binti wa kipa wa zamani, na kwa jina lile asingekosa timu. Mwenzake akacheka, wakarudi kwenye usajili wa soka. Si mara ya kwanza kusikia maneno hayo, na yananiudhi kwa sababu ni uongo unaoweza kukanushwa na yeyote anayefuatilia mchezo huu.

Ni kweli kwamba baba yake, Ronald Jansen, alikuwa langoni Uholanzi ilipotwaa dhahabu ya Olimpiki Atlanta mwaka 1996 na Sydney mwaka 2000. Lakini Yibbi alizaliwa Novemba 1999, kwa hiyo baba yake alipokuwa Sydney yeye hakuwa ametimiza hata mwaka. Na kama jina ndilo linalogawa nafasi, mbona hakuwamo kikosini Tokyo mwaka 2021? Alikuwa na miaka 21, jina lilikuwa lile lile, na hakuchaguliwa. Uholanzi iliifunga Argentina 3-1 katika fainali, na mabao mawili yalitoka kwa Caia van Maasakker kwa kona ya adhabu. Huyo ndiye mpigaji wa kona ambaye nafasi yake Yibbi alikuja kuijaza, na hakuijaza kwa ukoo.

Watangazaji wetu wangejua kona ya adhabu ni kitu gani, wasingethubutu kusema walichosema. Mpira husukumwa kutoka mstari wa mwisho wa uwanja, angalau mita 10 kutoka kwenye mlingoti wa goli, huku kipa na mabeki wasiozidi wanne wakisubiri nyuma ya mstari, tayari kumvamia mpigaji mara tu unapoondoka. Ni lazima kwanza mpira utoke nje ya nusuduara iliyochorwa mbele ya goli. Pigo la kwanza likiwa la kuchapa, mpira hauruhusiwi kuvuka mstari wa goli juu ya sentimita 46. Ukiburutwa kwa gongo na kurushwa, kikomo hicho hakipo. Ndiyo sababu mpigaji hodari huinama karibu na ardhi, akaukuta mpira nyuma ya mwili wake, akauburuta kwa hatua ndefu na kuuachia kwa nguvu ya kiuno na mikono, akichagua pembe ya goli wakati mabeki waliovaa barakoa wanamjia mbio. Ustadi huo hupatikana kwa kurudia zoezi hilo hilo siku baada ya siku mpaka mgongo uanze kuuma. Baba aliyekuwa kipa anaweza kumwonyesha mwanawe mahali kipa asipopenda mpira uende. Kuupeleka huko ni kazi ya mwana mwenyewe.

Sasa tazameni Paris, mwaka 2024. Mabao 9, mfungaji bora wa mashindano ya wanawake. Katika fainali ya tarehe 9 Agosti, kwenye uwanja wa Yves-du-Manoir, China ilitangulia kufunga na kulilinda bao lake mpaka robo ya mwisho, ambapo Uholanzi ilipata kona ya adhabu na binti huyu wa miaka 24 akasawazisha. Bila pigo lile kusingekuwa na ile mikwaju ya kuamua mshindi, ambapo mshambuliaji hupewa sekunde nane kumkabili kipa peke yake, na ambayo Uholanzi ilishinda 3-1. Mwaka huo huo Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Magongo lilimtangaza mchezaji bora wa kike duniani.

Naandika kutoka Kenya, nchi iliyomaliza ya nne katika Kombe la Dunia la wanaume mwaka 1971, na kwa hiyo sikubali kisingizio kwamba wasikilizaji hawaujui mchezo huu. Leo asubuhi nimepiga simu studio, nikaeleza haya yote kwa adabu, nikajibiwa kwamba hoki haina wadhamini. Sikuwa nimeuliza habari za wadhamini. Niliomba marekebisho ya sentensi moja, yasomwe hewani, katika kipindi kile kile na saa ile ile iliposemwa. Bado nayasubiri.