Mrejesho: Safari ya Kamboja
Wakuu, niliwauliza kama safari yangu ya Kamboja iishie Siem Reap kwenye mahekalu au niongeze Phnom Penh, mji mkuu. Asanteni sana mlionisisitiza niongeze.

Angkor Wat, lile hekalu kubwa la kale karibu na Siem Reap, inastahili sifa zake zote. Kuta ndefu za mawe zimechongwa vita na miungu, na pale zilipoguswaguswa na watu miaka nenda rudi zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Tiketi ya siku tatu ni dola 62. Funikeni mabega na magoti.

Ila Tuol Sleng, makumbusho ya pale Phnom Penh, ndiyo imenikaa moyoni. Ilikuwa shule, Khmer Rouge, wakomunisti waliotawala Kamboja 1975 hadi 1979, wakaigeuza gereza la mateso. Sakafu bado ni ile ya darasani. Picha za wafungwa, wengine watoto kabisa, zimejaa vyumbani. Siku hiyo msipange kitu kingine.